Jibu la mtaalamu: Vichekesho na habari za michezo za Melbourne ya karne ya 19 husomwaje?

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya historia hapa Melbourne. Kwetu ni Morogoro. Andiko langu linahusu michezo na utani wa mji huu kati ya 1855 na 1890. Nimekusanya katuni na vijembe vingi kutoka jarida la Melbourne Punch, pamoja na taarifa za mechi na mbio za farasi za magazeti ya siku hizo. Shida zangu ni tatu. Kwanza, vichekesho vingi sivielewi kabisa. Pili, hesabu za mechi haziniingii akilini: watu 18 dhidi ya 11, mechi moja ya mpira iliyochukua wiki kadhaa, farasi aliyetembea maili 500 kwenda mashindanoni. Tatu, baadhi ya katuni zinawadhihaki Waaborijini (wenyeji wa asili wa Australia), Wachina na watu weusi, na kusema kweli zinaniumiza. Nizitumie au niziache? Msimamizi wangu ni mtu mwema ila mambo ya michezo hayamhusu."*

Marahaba, mwanangu. Nikikuelewa vizuri, hofu yako kubwa ni kwamba umekusanya mzigo mkubwa ambao huenda usithibitishe kitu. Nikutoe wasiwasi: utathibitisha mengi, ila si yale uliyokuwa unayatafuta. Kichekesho cha gazeti hakikuambii kilichotokea. Kinakuambia kile ambacho msomaji wa wiki ile alikuwa tayari anakijua. Mzaha unaohitaji maelezo haumchekeshi mtu, kwa hiyo mchoraji alitegemea habari iliyokuwa midomoni mwa watu Jumatatu na Jumanne. Wewe umefika baada ya zaidi ya miaka 130 bila habari hiyo, ndiyo maana hucheki. Huna upungufu wa akili wala wa Kiingereza. Unakosa gazeti la siku tatu kabla.

Tuchukue mfano mmoja tuuchambue hadi mwisho. Umeshakutana na habari za "Majivu", zile zinazoshindaniwa hadi leo katika kriketi kati ya Uingereza na Australia. Tarehe 29 Agosti 1882, kwenye uwanja wa Oval mjini London, Uingereza walihitaji mikimbio 85 tu (mkimbio ndiyo alama ya kriketi) kushinda. Wakatolewa wote kwa 77, wakafungwa kwa mikimbio 7. Fred Spofforth wa Australia alichukua wiketi 14, yaani aliwatoa wapigaji mara 14, katika mechi hiyo. Siku nne baadaye gazeti la Sporting Times la London likachapa tanzia ya mzaha: kriketi ya Uingereza imefariki, mwili utachomwa, majivu yatapelekwa Australia. Wengi huishia hapo wakidhani mzaha ni kushindwa tu. Lakini mwandishi wake, Reginald Shirley Brooks, alikuwa mtoto wa Shirley Brooks, mhariri wa zamani wa Punch ya London na mmoja wa watu walioweka saini tamko la mwaka 1874 la kutaka Waingereza waruhusiwe kuchoma maiti. Mwaka 1882 jambo hilo lilikuwa bado linabishaniwa vikali na halijakubaliwa kisheria. Kwa hiyo msomaji wa siku ile alicheka mambo mawili kwa mpigo: timu yake kufungwa, na ule ubishi wa maiti kuchomwa.

Sasa fuata mzaha huo ulivyovuka bahari. Mwishoni mwa mwaka huohuo, Ivo Bligh alileta timu ya Uingereza na kutangaza kwamba amekuja kuyachukua majivu. Alifungwa mechi ya kwanza Melbourne, akashinda ya pili hapohapo, kisha akashinda ya tatu Sydney, iliyomalizika Jumanne tarehe 30 Januari 1883. Alhamisi tarehe 1 Februari, Melbourne Punch ikachapa mashairi mafupi ya utani kuhusu Ivo kurudi kwao na chungu cha majivu, yakitaja majina ya wachezaji wake. Mashairi hayo yalikatwa kutoka gazetini yakabandikwa kwenye kichungu chenye kimo cha takriban sentimita 11, na hadi leo yamebandikwa hapo, kwenye jumba la makumbusho la uwanja wa Lord's, London. Bligh alimwoa Florence Morphy, binti wa huku Victoria, koloni ambalo Melbourne ni mji wake mkuu, na Florence ndiye aliyekikabidhi kichungu hicho baada ya mumewe kufariki mwaka 1927. Hapakuwa na maombolezo yoyote ya kweli. Ulikuwa mzaha wa gazeti moja uliojibiwa na gazeti lingine, na watu wakaupenda hadi ukawa kombe.

Umeona tarehe zilivyotufanyia kazi? Hiyo ndiyo njia ninayotaka uitumie kwa kila katuni. Andika tarehe ya toleo. Punch ilianza Alhamisi tarehe 2 Agosti 1855 na kwa kawaida iliendelea kutoka Alhamisi. Rudi nyuma siku kumi, ufungue magazeti ya The Argus na The Age ya Melbourne kwenye hazina ya Trove ya Maktaba ya Taifa ya Australia, ambayo ni bure. Usianze kwa kutafuta jina. Mashine iliyosoma kurasa hizo hukosea herufi, "c" huweza kusomwa "e", na Archer, yule farasi wako wa maili 500, akapotea. Chagua gazeti, chagua siku, upitie ukurasa mzima: safu ya bunge, safu ya mahakama ya polisi, safu ya michezo, matangazo ya tamthilia, na safu ya meli zilizotia nanga. Mara nyingi ufunguo wa mzaha utaukuta kwenye mojawapo ya hizo tano.

Ukumbuke pia jinsi katuni ilivyotengenezwa. Picha ilichongwa kinyumenyume kwenye kipande cha mti mgumu kabla ya kuchapwa, na uchongaji ulihitaji muda. Mbio za kwanza za farasi za Kombe la Melbourne zilikimbiwa Alhamisi tarehe 7 Novemba 1861, siku ileile ya Punch, kwa hiyo mzaha wa matokeo utautafuta toleo la wiki inayofuata. Tangu 1875 mbio zikahamia Jumanne ya kwanza ya Novemba. Katuni kubwa iliyotoka siku mbili baada ya Kombe huenda ilianza kuchongwa kabla farasi hawajakimbia, na mchoraji alikuwa anabahatisha. Usije ukaandika kwamba ameshuhudia.

Kuna jambo moja katika maelezo yako nataka kulisahihisha mapema, kwa sababu litaharibu andiko zima. Unaiita Melbourne Punch "utani wa mji". Punch ilikuwa utani wa sehemu ya mji: mawakili, wafanyabiashara, wabunge, wanachama wa klabu. Iliigwa kutoka Punch ya London, na ilimtazama mfanyakazi kutoka juu. Utani wa watu wa kawaida ulikuwa mwingi vilevile, ila ulikaa kwingine. Ulikuwa kwenye nyimbo za papo kwa papo za Charles Thatcher, aliyewaimbia wachimba dhahabu matukio ya wiki yao wenyewe. Ulikuwa jukwaani kwa George Coppin, mchekeshaji na mfanyabiashara wa burudani, ambaye bustani yake ya Cremorne ilirusha puto la kwanza la watu mjini hapa tarehe 1 Februari 1858. Na ulikuwa kwenye pantomimu za Krismasi, yaani michezo ya jukwaani ya vichekesho na nyimbo, ambapo W. M. Akhurst alikuwa akichomeka vijembe vya mitaa na vya siasa ndani ya hadithi za watoto. Pantomimu zilifunguliwa usiku wa tarehe 26 Desemba, siku ambayo mchana wake watu walikuwa kwenye kriketi. Mtu aliyetoka uwanjani saa kumi na mbili jioni aliweza kusikia mzaha wa mchezo saa mbili usiku. Soma matangazo na tahakiki za pantomimu hizo. Kwenye orodha yako sijaziona, na ni pengo kubwa.

Kwa nini mji wa koloni uliokuwa na umri wa miaka 20 tu ulikuwa na michezo mingi hivyo? Majibu ya haraka husema "dhahabu". Ni kweli, dhahabu ya 1851 ilileta vijana, hasa wanaume, na pesa. Victoria ilitoka watu takriban 77,000 mwaka 1851 hadi takriban 540,000 mwaka 1861. Lakini pesa bila muda haijazi uwanja. Tarehe 21 Aprili 1856 waashi wa mawe wa Melbourne waliweka zana chini wakaandamana, na wakapata siku ya kazi ya saa nane bila kupunguziwa mshahara. Taratibu kazi nyingine nazo zikafuata, na nusu siku ya mapumziko ya Jumamosi ikaenea. Reli ya kwenda uwanja wa farasi wa Flemington ilifunguliwa Februari 1861, miezi michache kabla ya Kombe la kwanza. Umati wa Kombe hilo ulikadiriwa watu 4,000 hivi. Mwaka 1890, farasi Carbine aliposhinda, ulikadiriwa kuwa zaidi ya 80,000. Mshahara, saa na reli: viweke hivyo mwanzoni mwa sura yako ya kwanza.

Sasa hesabu zako. Watu 18 dhidi ya 11 si kosa la mpiga chapa. Timu ya kwanza ya kriketi ya Uingereza kuja Australia, iliyoongozwa na H. H. Stephenson na kuletwa na Spiers na Pond, wenye biashara ya vyakula mjini hapa waliokuwa wamejaribu kwanza kumleta Charles Dickens bila mafanikio, ilianza kucheza tarehe 1 Januari 1862 dhidi ya watu 18 wa Victoria. Timu dhaifu ilipewa watu zaidi ili mchezo uwe na maana, na bado Waingereza walishinda bila kuhitaji kupiga zamu ya pili. Ndiyo maana mechi ya Machi 1877 ni muhimu: 11 kwa 11, Australia ikashinda kwa mikimbio 45. Charles Bannerman alipata 165 kati ya 245 za timu nzima kabla ya kuumia kidole. Leo tunaihesabu kuwa Testi (mechi rasmi ya kimataifa ya kriketi) ya kwanza duniani, lakini siku ile hakuna aliyeihesabu hivyo. Orodha hiyo ilipangwa baadaye sana. Usitafute mzaha wa 1877 kuhusu "Testi ya kwanza". Hutaupata.

Mechi ya mpira iliyochukua wiki kadhaa (si soka, ni mpira wa Australia ulipokuwa unaanza) ni ile ya shule za Scotch College na Melbourne Grammar, wachezaji 40 kila upande, iliyoanza Jumamosi tarehe 7 Agosti 1858. Hawakucheza mfululizo. Walirudi tarehe 21 Agosti na tena tarehe 4 Septemba, wakaishia goli moja kwa moja. Siku hizo mshindi alikuwa anayetangulia kupata magoli mawili, na goli moja liliweza kuchukua alasiri nzima. Uwanja wenyewe ulikuwa mbuga yenye miti. Kanuni kumi za klabu ya Melbourne ziliandikwa Mei 1859. Kumbuka pia, katika taarifa za kabla ya 1897, ile mipira iliyopita pembeni ya goli huandikwa lakini haiamui mshindi. Hesabu ya pointi 6 kwa goli na 1 kwa mpira wa pembeni ilianza mwaka huo. Ukijumlisha kwa kanuni za leo utageuza matokeo ya mechi nyingi.

Katika mbio za farasi, jifunze vipimo kwanza. Stoni moja ni ratili 14, yaani kilo 6.35. Pauni moja ya fedha ni shilingi 20, na shilingi ni peni 12. Kombe lilikimbiwa maili 2, takriban mita 3,219, na farasi bora alibebeshwa uzito zaidi ili wote wakaribiane. Archer alibeba stoni 9 na ratili 7 mwaka 1861, yaani kilo 60 hivi. Mwaka uliofuata akaongezewa hadi stoni 10 na ratili 2, na akashinda tena. Carbine alibeba stoni 10 na ratili 5, karibu kilo 66, akiwa kati ya farasi 39. Briseis wa 1876 alibeba stoni 6 na ratili 4, kilo 40 tu pamoja na mpandaji, ambaye alikuwa mtoto aliyetajwa kuwa na umri wa miaka 13, aliyejulikana kama Peter St Albans. Mzaha wa siku hizo kuhusu wapandaji wadogo hautaupata vizuri bila kuijua namba hiyo.

Archer hakutembea maili 500. Safu ya meli ya Septemba 1861 inaonyesha alifika Melbourne kwa meli ya City of Sydney pamoja na farasi wenzake wa mkufunzi wao, Etienne de Mestre. Hata ile habari kwamba mpandaji wake, John Cutts, alikuwa Mwaborijini haisimami. Waliofuatilia kumbukumbu za ukoo wake wamekuta mtoto wa wazazi wa Kizungu. Lakini usizitupe hadithi hizo. Archer alikuwa farasi wa koloni la New South Wales aliyekuja kumpiga Mormon, kipenzi cha Victoria, mbele ya watu wake. Makoloni hayo mawili yalikuwa watani wa jadi kama Simba na Yanga, na kwenye utani wa namna hiyo ushindi lazima ukuzwe. Mwaka 1863 kijembe kikageuka ugomvi. Telegramu ya kumsajili Archer ilichelewa kufikishwa kwa sababu tarehe 1 Julai ilikuwa sikukuu Victoria. Wenye mbio wakakataa kumpokea, wenye farasi wengine wakajitoa kwa kumuunga mkono, na wakakimbia farasi 7 tu. Ukikuta mzaha wa 1863 wenye telegramu, saa au ofisi iliyofungwa, anza hapo.

Tahadhari moja kuhusu taarifa za mechi, ambayo watafiti wengi huiruka. Kati ya watu wanne wanaotajwa kwenye kikao cha kanuni cha 1859, J. B. Thompson alikuwa mwandishi wa The Argus, na W. J. Hammersley baadaye aliandika michezo kwenye The Australasian. Tom Wills naye alikuwa akiandika barua magazetini, na barua yake ya Julai 1858 kwenye Bell's Life in Victoria ndiyo iliyohimiza kuanzishwa kwa klabu ya mpira. Maana yake ni kwamba aliyekuripotia mechi mara nyingi alikuwa mchezaji, mwanachama au hasimu wa aliyeandikwa. Dhihaka ndani ya taarifa ya mechi inaweza kuwa kisasi cha klabuni. Linganisha magazeti mawili kila mara.

Hukuuliza, lakini mtahini atakuuliza kama mpira wa Australia ulitokana na Marn Grook, mchezo wa Waaborijini wa kupiga na kuruka kudaka mpira wa ngozi. Mchezo ulikuwepo, na Wazungu waliuona Victoria miaka ya 1840. Wills alikulia karibu na Waaborijini wa Djab Wurrung na aliijua lugha yao. Upande wa pili, hakuna andiko lake linalotaja uhusiano huo, na kinachojulikana kuhusu kikao cha 1859 ni kwamba walijadili kanuni za shule za Uingereza kama Rugby na Harrow. Binafsi naona uandike hivi: uwezekano upo, ushahidi wa maandishi haupo, na ukimya wa maandishi ya walowezi hauwezi kuhesabiwa kuwa jibu la mwisho.

Sasa zile katuni zinazokuumiza. Zimechorwa ili ziumize, na mtu mweusi anayezisoma peke yake usiku maktabani hana sababu ya kujifanya jiwe. Una njia tatu. Kuziacha zote kutafanya mji huo uonekane mwema kuliko ulivyokuwa. Huu ulikuwa mji wa koloni lililomtoza kila Mchina pauni 10 kuingia kwa sheria ya 1855. Kuzichapa zote kutakufanya wewe uwe msambazaji wa dhihaka ileile. Njia ninayokushauri ni kuchagua chache mno, zile tu ambazo hoja yako haisimami bila hizo. Nyingine zieleze kwa maneno, na kila moja uiweke jirani na rekodi ya uwanjani.

Rekodi ipo, na ina nguvu. Tarehe 26 Desemba 1866 timu ya Waaborijini kutoka magharibi mwa Victoria, iliyofundishwa na Wills, ilicheza uwanja wa Melbourne mbele ya umati mkubwa. Mwaka 1868 timu ya Waaborijini ilikwenda Uingereza chini ya Charles Lawrence, ikacheza mechi 47: ikashinda 14, ikafungwa 14, na 19 zikaisha bila mshindi. Mmoja wao, Bripumyarrimin, aliyeitwa King Cole, alifariki London kwa kifua kikuu. Unaarrimin, aliyejulikana kama Johnny Mullagh, alipata mikimbio 1,698 na wiketi 245 katika ziara hiyo. Mwaka uliofuata Victoria ikapitisha sheria ya "ulinzi" iliyoipa serikali mamlaka ya kuamua Waaborijini waishi wapi, na ziara za namna hiyo zikawa ngumu. Hata hivyo, mwaka 1879 Mullagh aliichezea Victoria dhidi ya timu ya Uingereza ya Lord Harris. Weka namba hizo kwenye ukurasa uleule wa katuni, juu yake ikiwezekana, msomaji akutane nazo kwanza.

Baadhi ya mambo hayamaliziki kwa barua. Kabla hujachapa picha yoyote ya Mwaborijini, hata iliyokwisha haki ya kunakili, muombe msimamizi akuunganishe na ofisi ya watu wa asili ya chuo chako. Wao watakuelekeza kwa wazee wa jamii inayohusika, na kwa watu wa Mullagh hao ni Wajardwadjali. Mazungumzo hayo huchukua wiki, wakati mwingine miezi, kwa hiyo yaanze sasa. Kwa michezo, piga simu maktaba ya klabu ya kriketi ya Melbourne, ndani ya uwanja wa kriketi wa Melbourne (MCG), upange siku ya kwenda. Wapo watu wanaojua kusoma ubao wa matokeo wa 1862 kwa kuutupia jicho tu. Kwa Punch yenyewe, nenda Maktaba ya Jimbo la Victoria, mtaa wa Swanston, uombe nakala ya karatasi, kwa sababu kwenye kompyuta maandishi madogo chini ya picha hupotea na mara nyingi mzaha wote uko humo. Na ukiona katuni hizo zinakukosesha usingizi, mwambie msimamizi ana kwa ana, muombe mzipitie pamoja mchana.

Uendapo maktaba, beba orodha ya tarehe, si ya majina, na uanze na matoleo ya Novemba na ya wiki ya kwanza ya Januari.